Kalunguyeye, Ngiri na Keki za Vijiti

Mwiko!
— Koroga!
Sufuria!
— Tokota!
Ngano!
— Ije ingali ya moto!

Haya, inakuja. Sogeeni karibu. Mwenye mtoto ampakate, mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na majiko yao, katika bonde moja lenye migomba mingi aliishi Kalunguyeye. Mnamjua? Ni yule mdogo kama ngumi, mgongo umejaa miiba, uso umejaa haya. Ukimsalimia, anaitikia chinichini. Ukimkaripia, anajikunja, kunji! anakuwa mpira, huoni kichwa wala miguu.

Kalunguyeye huyu alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mtoto mwenyewe mdogo kama kokwa ya zambarau, macho amefumba, miiba yake laini kama ndevu za mahindi. Siku mtoto alipofumbua macho, Kalunguyeye alifurahi, kisha akaogopa. Alifurahi kwa sababu yeye ni mama. Aliogopa kwa sababu ya Ngiri.

Katika bonde lile mtoto hapewi jina siku ya kuzaliwa. Anangojwa mpaka afumbue macho. Ndipo mama anapika kitu kitamu na majirani wanakuja. Jirani anapiga magoti mbele ya kitanda cha mtoto, anakula, mama anataja jina, na yule anayekula anaitikia. Basi, jina limeshika. Hata simba hawezi kulibandua. Lakini mwezi ukiandama kabla jirani hajala, jina analitoa mkubwa wa bonde, nalo hukaa mpaka siku atakayepatikana wa kula kwa magoti.

Na mkubwa wa bonde ni nani? Ngiri! Ngiri mwenye kichwa kama jembe, Ngiri mwenye meno mawili yaliyopinda kama mundu. Huyu alikuwa amegundua jambo moja. Akiwahi yeye, akala kila kitu kabla majirani hawajafika, jina linakuwa lake kulitoa. Naye hakula kwa magoti kama wengine. "Mkubwa hapigi magoti," alisema, na alikula amesimama wima, tumbo mbele.

Mngesema, jina ni jina tu, kuna ubaya gani? Sikilizeni. Bondeni kule jina lako ndilo kazi yako. Mtoto wa Kobe alipewa jina Kigoda, na tangu siku hiyo Ngiri anamkalia. Mtoto wa Kanga alipewa jina Pepea, na tangu siku hiyo anampepea Ngiri kwa mabawa yake, pa pa pa, mchana kutwa. Mtoto wa Digidigi aliitwa Chungulia, akawekwa juu ya kichuguu kuchungulia nani anapika nini.

Kalunguyeye alimtazama mwanawe. Jina alikuwa nalo tangu mimba ikiwa changa. Lilikuwa jina zuri, na hakumwambia mtu.

"Kigoda hapana," akasema chinichini. "Pepea hapana. Chungulia hapana. Mwanangu atapata jina lake."

Akapika keki.

Akapiga siagi na sukari, fwata fwata fwata. Akavunja mayai aliyopewa na Kanga. ("Chukua, mwenzangu," Kanga alimwambia, "haya hayana baba, hayatalia.") Akatia unga, akatia iliki. Akateleka sufuria, moto chini, makaa juu ya mfuniko. Keki ikaumuka, ikawa nyekundu kama kichuguu wakati wa jua. Akaiweka juu ya jiwe pana lililolazwa juu ya mawe mawili marefu, ambalo lilikuwa ndiyo meza yake, ili siafu wasiipande. Kisha akatoka kwenda kuwaita majirani.

Alipogeuka tu, ndu! ndu! ndu!

"Hodi!" Ngiri akasema, na alikuwa ameshaingia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sogea."

Akala. Kwachu kwachu kwachu! Vipande vikaruka huku, vikaruka kule. Keki ikaisha, Ngiri akajifuta mdomo kwa pazia, akaenda zake.

Kalunguyeye akalia kidogo. Alipomaliza kulia, akafuta macho.

"Haya. Tunaanza upya."

Akaenda kwa Kobe kuazima unga, akaenda kwa Kanga kuomba mayai. Akapika keki ya pili. Safari hii alifunga dirisha ili harufu isitoke. Lakini juu ya kichuguu yule mtoto wa Digidigi alikuwa anachungulia, na kazi ni kazi, maskini. Keki haijapoa, ndu! ndu! ndu! Mlango ukafunguka wenyewe.

"Wewe kifurushi cha sindano!" Ngiri akasema. "Unapika na kufunga dirisha? Unanificha mimi?"

Kalunguyeye akajikunja, kunji! akabingirika mpaka chini ya meza. Juu yake Ngiri alikuwa anakula. Kwachu kwachu kwachu!

"Tamu," Ngiri alisema mdomo umejaa. "Mwezi unaandama kesho. Na mwanao nimeshamchagulia jina. Unajua nimempa jina gani? Chokonoameno! Nikishakula nitamshika hivi, nitachokonoa huku, nitachokonoa kule. Ana miiba mizuri, myembamba. Nimeiona!"

Akacheka mpaka meza ikatikisika.

Kalunguyeye, chini ya meza, alitaka kufumba macho. Hakufumba. Aliyafungua, akatazama mbele yake. Na mbele yake kulikuwa na nini? Magoti ya Ngiri. Wanyama wengine wote wa bonde, wakimtazama Ngiri, wanaona meno. Kalunguyeye peke yake, akiwa chini vile, aliyaona magoti. Yalikuwa na sugu! Sugu nene, nyeusi, zimepoteza manyoya, kama soli ya kiatu cha zamani.

"Ehee," akawaza. "Kwato zina sugu kwa sababu zinakanyaga ardhi. Na haya magoti yanakanyaga wapi?"

Akawaza tena. Akaitazama shingo ya Ngiri, fupi kama kifundo. Akaitazama miguu, mirefu. Mnyama wa shingo ile na miguu ile anawezaje kula kitu kilicho chini? Hawezi. Hawezi, ila kwa magoti! Ndiyo maana nyumbani kwake Ngiri anakula amefunga mlango.

Ngiri akamaliza, akajifuta kwa lile pazia, akaenda. Safari hii Kalunguyeye hakulia.

"Haya," akasema. "Tunaanza upya."

Lakini anaanza na nini? Unga hakuna. Mayai hakuna, Kanga mwenyewe amechoka. Akatazama chini. Keki yote ilikuwa imeliwa, lakini mlaji alikuwa Ngiri, na Ngiri anakula kama anayepigana. Mapande yalikuwa yametapakaa juu ya meza, mengine yameangukia jani la mgomba alilokuwa ametandika, na ukoko mzuri umeganda ndani ya sufuria. Kalunguyeye akaokota. Cha mezani akaweka, cha kwenye jani akaweka, cha sufuria akakwangua. Cha mchangani akawaachia siafu. Bakuli likajaa.

Asubuhi yake majirani wakaja kumpa pole. Kobe mama Kigoda alikuja, Kanga mama Pepea alikuja, Digidigi mama Chungulia alikuja, na haya usoni.

"Pole, mama mtoto," Kobe akasema. "Ndivyo alivyotufanyia sote. Hayo makombo unayafikicha ya nini?"

"Keki."

"Keki hiyo si imeliwa?"

"Hii ni nyingine," Kalunguyeye akasema. "Dada Kanga, una krimu? Dada Digidigi, nitafutie vijiti vya mwanzi, vyembamba, virefu kama kidole. Dada Kobe, nenda polepole kama kawaida yako, uniletee gogo la mgomba uliokatwa."

Wakatazamana. Hawakuwahi kumsikia Kalunguyeye akisema maneno mengi vile kwa mara moja.

Akafikicha makombo mpaka yakawa kama mchanga. Akatia krimu, kijiko kimoja, akakanda. Akafinya konzi moja: likavunjika. Akaongeza krimu kidogo, akafinya: likashikana. "Hapo hapo," akasema. "Ukizidisha inakuwa uji." Akaviringisha viganjani, vidonge vya mviringo, kimoja, kingine, kingine. Akavipanga kwenye sahani, akaiweka juu ya mtungi wa maji ili vipate baridi vigande. Kisha akachukua chokoleti aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya siku hii, akaiyeyusha kwenye bakuli juu ya maji ya moto, ikang'aa kama jicho la paa.

Akachoma kijiti kwenye kidonge, akachovya kwenye chokoleti. Chubwi! Kidonge kikachomoka, kikazama.

"Haya. Tunaanza upya."

Akachoma kingine. Chubwi! Kikazama.

Kanga akashindwa kuvumilia. "Kwe kwe kwe! Mwenzangu, hiyo chokoleti inakula kuliko Ngiri!"

Kalunguyeye hakucheka. Alikitazama kijiti. Kilikuwa kikavu, kinateleza. Akafikiri, halafu akachovya ncha ya kijiti kwenye chokoleti kwanza, kidogo tu, ndipo akakichoma kwenye kidonge mpaka katikati. Akangoja kikauke. Chokoleti ikashika kijiti, kijiti kikashika kidonge. Sasa akachovya kidonge kizima: chubwi! Akazungusha, zungu. Akakinyanyua, akagonga kijiti ukingoni mwa bakuli, tik tik tik, chokoleti ya ziada ikadondoka. Keki haikuanguka! Akainyunyizia chicha za nazi zilizokaushwa, akachomeka kijiti chake kwenye gogo la mgomba, na keki ikasimama juu yake kama ua.

Chubwi! Zungu. Tik tik tik. Simama!
Chubwi! Zungu. Tik tik tik. Simama!

Gogo lote likajaa keki za vijiti. Digidigi alimeza mate mpaka ikasikika.

"Msile kwanza. Mkila ninyi, Ngiri atasema hakuna aliyeona; namtaka yeye. Sasa nisaidieni," Kalunguyeye akasema. Wakalisukuma gogo mpaka kwenye kona. Kitanda cha mtoto wakakiweka nyuma yake, pale pale, ubavu kwa ubavu, wakakifunika kwa jani la mgomba. Mtoto alikuwa amelala.

"Nendeni mkakae nyuma ya nyumba, mtazame kwenye nyufa. Nisipoita, msitoke. Dada Kanga, mdomo."

"Mdomo wangu una nini?"

"Mwenzangu."

"Nimefunga," Kanga akasema, akauma bawa lake mwenyewe.

Kisha Kalunguyeye akafungua dirisha, akafungua mlango, akachukua ungo na kupepea harufu itoke nje.

Ndu! ndu! ndu!

"Nasikia harufu!" Ngiri akasema. "Umepata wapi unga, wewe?"

"Shikamoo, Mzee. Sikupata unga."

"Marahaba. Na hivi ni nini?"

"Keki za vijiti. Ndani keki, nje chokoleti. Nawapikia majirani."

"Majirani!" Ngiri akacheka. "Zihamishie juu ya meza nile."

"Zikihamishwa hazijakauka, zinadondoka, Mzee. Zikidondoka zinashika mchanga."

"Inua gogo, basi!"

"Kwa mikono hii?" Kalunguyeye akanyoosha mikono yake. Kila mmoja ulikuwa mdogo kama ua la mkarafuu.

Ngiri akaja mwenyewe. Akainamisha kichwa: shingo ikagoma. Akatanua miguu ya mbele: pua ikafika karibu, ikanusa, haikugusa. Akalichoma gogo kwa meno yake marefu ili alinyanyue: meno yakazama kwenye mgomba, chwaa! yakatoka na utomvu, gogo limetulia. Akajaribu kushika kijiti kwa kwato: keki moja ikabingirika chini, ikaingia majivuni.

"Ah!" Ngiri akapiga kelele kama amekanyagwa. Harufu ilikuwa imemjaa puani. Mate yalikuwa yanamdondoka, to, to, to. Akatazama mlangoni, hakuna mtu. Akatazama dirishani, hakuna mtu. Nyuma ya nyumba, Kanga alikuwa anauma bawa mpaka manyoya yanatoka.

"Wewe kifurushi," Ngiri akasema kwa sauti ndogo. "Geukia ukutani."

"Nitajikunja kabisa, Mzee. Nikijikunja sioni kitu."

Kunji! Akawa mpira.

Ngiri akakunja goti la kulia, puh! Akakunja goti la kushoto, puh! Akanyoosha mdomo. Akang'ata keki ya kwanza, kwa! ikavunjika nje, ikayeyuka ndani. Akafumba macho kwa utamu.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya miiba, si kubwa, lakini wazi:

"Jina la mwanangu ni Tunu."

"Mmm!" Ngiri akasema, mdomo umejaa.

"Ameitikia!" Kanga akalipuka nyuma ya nyumba. "Kwe kwe kwe! Ameitikia! Amepiga magoti na ameitikia!"

Mlango ukajaa watu. Kobe, Kanga, Digidigi, wote ndani. Kalunguyeye akajikunjua, akavuta lile jani la mgomba, na pale, chini ya pua ya Ngiri, mtoto mdogo akafungua macho yake mapya akamtazama.

Ngiri akatazama kitanda. Akatazama magoti yake. Akatazama majirani.

"Nilikuwa... natafuta kitu kilichoanguka," akasema.

"Umekipata, Mzee," Kobe akasema. "Kinaitwa Tunu."

Ngiri akakunja uso, akataka kuinuka. Goti moja likaanza kunyanyuka. Angeinuka wakati ule, ngano ingeishia hapo. Kalunguyeye angeweza kumwacha aende, maana mwanawe alikuwa ameshapata jina. Lakini aliwatazama wenzake wale, akaingia mbele ya meno ya Ngiri, yeye mdogo kama ngumi.

"Inuka, Mzee," akasema. "Mlango ule pale. Lakini keki zilizobaki ni za majirani. Ukitaka kula, utakula kwa magoti, tunakuona, mbele ya watoto tutakaowaleta. Keki moja, jina moja. Uamuzi wako."

"Mimi? Mkubwa wa bonde? Mbele za watu?"

"Inuka basi."

Ngiri akatazama mlango. Akatazama keki. Chokoleti ilikuwa imekauka, inang'aa, chicha za nazi zimekaa juu kama ukungu wa asubuhi.

Goti likashuka. Puh!

Kobe alikimbia. Ndiyo, Kobe alikimbia! Akaenda akamtoa mwanawe nyumbani kwa Ngiri, pale alipokuwa anakaliwa, akamlaza kwenye kile kitanda. Ngiri akang'ata. Kwa!

"Si Kigoda tena," Kobe akasema huku anahema. "Jina lake Taratibu."

"Mmm," Ngiri akasema.

Kanga akamleta wake, mabawa yamechoka hata hayakunjiki. Kwa! "Jina lake Madoa!"

"Mmm."

Digidigi akamwita wake ashuke kichuguuni. Mtoto akaja mbio, macho mekundu kwa kuchungulia juani. Kwa! "Jina lake Upepo."

"Mmm."

Habari ikaenea. Wakaja mama Sungura, mama Pelele, mama Kicheche, kila mmoja na mtoto wake aliyepewa jina baya. Wakajipanga mpaka migombani. Kwa! "Mmm." Kwa! "Mmm." Ngiri alikula mpaka macho yakamtoka, magoti yakimwuma, masikio yakiwa mekundu kwa aibu, na kila alipotaka kuinuka aliona keki moja imebaki. Jua lilipozama na mwezi mwembamba kuonekana, gogo la mgomba lilikuwa na vijiti vitupu, na katika bonde lote hapakubaki mtoto hata mmoja wa kumpepea Ngiri.

Alikwenda nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akajipepea mwenyewe, na kukaa alikaa chini.

Na Kalunguyeye? Alimchukua Tunu, akamweka kifuani upande usio na miiba, akalamba mwiko. Ndicho kitu pekee cha utamu alichokipata siku ile. Alisema kilitosha.

Sasa, wanangu, ngano inatufunza nini? Inatufunza kwamba uroho ni mbaya sana, na mroho hapati kitu. Ingawa, nikisema kweli, keki zote alikula Ngiri. Kalunguyeye aliyechoka kupika alipata mwiko, na majirani walioitwa karamuni walipata harufu. Kwa hiyo anayetaka kula keki nyingi na awe mroho kama Ngiri, ila akumbuke kufunga kitambaa magotini.

Ngano nimeiepua.
— Tumeinawia!
Aliyeshiba anyamaze.
— Na mwenye njaa?
Akaoshe sufuria.